Kipande Kinachojua Mteremko

Taa ya chumba namba nne iliwaka nyekundu saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatano, kabla sijamaliza kikombe cha kwanza.

Mimi sina ugomvi na taa nyekundu. Miaka ishirini na sita niko kazini, diploma yangu imefifia pale ukutani mpaka jina la chuo halisomeki, na nyekundu nimeziona za kila aina. Nyingi ni za kijinga tu. Mtu kakosea herufi, mwingine kaweka namba ya mwaka juzi. Unasahihisha, inakuwa kijani, unarudi kwenye chai yako ikiwa bado ina moshi.

Kwa hii, chai ilinisubiri mpaka Ijumaa.

"Subi," niliita, "chumba cha nne kinalilia nini?"

Subilaga ndiye mtunza rafu wetu. Binti wa miaka ishirini na tisa, makini kuliko mimi, na anajua kwamba najua. Alisogeza kiti chake chenye magurudumu mpaka kwenye kioo cha kompyuta, akasoma kwa sauti.

"Mguu wa Tusekile Mwaipopo, wa Isongole. Siku zake tisini zinaisha Ijumaa. Haujengeki. Chumba kinasema kipande hakipo."

"Kipi?"

"*Mteremko*."

Nikacheka. "Mteremko haupo Tukuyu? Mwambie atoke nje aangalie."

Subilaga hakucheka. Alikuwa anaangalia kioo kama mtu aliyeona jina lake kwenye orodha mbaya.

Karakana ya Pamoja iko ndani ya lililokuwa ghala la chai, na siku za jua mbao bado zinanukia majani. Mashine zililetwa huku kwa sababu moja tu: baridi. Kwingine wanahangaika kuzipoza, sisi tunafungua madirisha. Kila kitu chenye akili kuanzia Mbeya mpaka ziwani, iwe pampu, trekta, kitotoleshi cha vifaranga au mguu wa bandia wa mtu, kila siku tisini programu yake lazima ijengwe upya hapa kwetu. Ikipitisha siku, kifaa kinajifunga. Ndiyo sheria, na mimi naipenda. Programu iliyokaa sana bila kuguswa ni kama maziwa yaliyosahaulika kwenye kabati; kwa nje chupa ni ile ile.

Na kujenga kwenyewe kunafanyika chumba kikiwa kimefungwa. Kifurushi kinaingia na orodha ya vipande vya programu kinavyovihitaji, vipande vinatoka kwenye rafu yetu, mlango unafungwa. Hakuna kutoka kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Kisichokuwa kwenye rafu hakipo duniani. Watu wanalalamika kwamba tuna roho mbaya, lakini wamesahau mwaka ule vifurushi viliporuhusiwa kuokota vipande popote, tukaamka trekta za kata nzima zinalima kinyumenyume.

"Jana kilikuwepo," nilisema. "Kipande cha Mzee Ambakisye. Miguu thelathini na mmoja ya milimani inakitegemea. Kimekwenda wapi?"

"Fundi," Subilaga alisema polepole. "Nafikiri nimekiondoa mimi."

Ambakisye alikuwa mwenzetu hapa, mkali kama pilipili ya kopo. Wiki tatu zilizopita tulimzika. Sasa, kila kipande kwenye rafu kina jina la mlezi wake, yaani mtu wa kuulizwa kikiharibu. Mlezi akifariki, mashine inakiacha kipande mpaka siku arobaini zipite, kwa sababu waliotunga utaratibu walikuwa watu wa huku huku, walijua kwamba kabla ya arobaini hakuna anayegusa vitu vya marehemu. Muda huo anatafutwa mlezi mwingine. Jina ndilo linaloshikilia kila kitu. Jina likifutwa na hakuna jingine, kipande kinaonekana kimetupwa, na mashine inakifagia usiku huo huo mpaka kwenye sanduku la yatima. Kule unaweza kukisoma, hata kukijaribu hapa ndani. Kukijengea kifaa cha mtu, huwezi.

"Ile orodha ya walezi pale ukutani," Subilaga alisema, "kila asubuhi nikiingia inaniandikia: *Ambakisye, yuko zamu*. Tumemzika, Fundi. Nimemwaga udongo kwa mkono wangu. Halafu mashine inasema yuko zamu. Jana nikaona tunamkosea heshima. Nikalifuta."

Hata mimi lile jina lilikuwa linanichoma, nilikuwa napita nikiangalia kando. Nikamwambia, "Hata mwenyewe angefurahi kupumzika. Sema angekutukana kwanza."

Hapo ndipo akalia kidogo, akacheka kidogo, tukaanza kazi.

*

Subilaga alikuja na dawa kabla ya saa sita mchana. Aliandika kipande chake kidogo, mistari mitatu, akakipa jina lile lile. Mguu ukiuliza, "Hapa pana mteremko kiasi gani?" kipande kinajibu, "Tambarare." Ukiuliza tena, "Tambarare." Hata uwe juu ya paa.

Taa ikawa kijani baada ya dakika nne.

"Si umeona?" alisema. "Kifurushi kilikuwa kinataka kitu chenye jina hilo. Nimekipa."

"Tuupandishe mguu jukwaani."

Jukwaa letu la majaribio ni ngazi ya zege yenye mteremko, na juu yake kuna mguu wa mfano umefungwa kwenye kiunzi. Tuliupakia kile kifurushi cha kijani. Mguu ulitembea vizuri sana mpaka ukingoni, kwa heshima zote, kama bwana harusi. Kisha ukakanyaga hewa, na kiunzi kizima kikaja chini kifudifudi.

Ile taa bado ilikuwa kijani.

"Lakini kwenye tambarare ungefaa," Subilaga alisema kwa sauti ndogo. "Tukimwambia ukweli, kwamba ni wa tambarare tu."

Nikampigia mwenye mguu. Tusekile, wengi wanamwita Mama Lusajo, ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mkulima wa ndizi na chai, sauti yake unaisikia hata bila simu. Nilimweleza hali ilivyo, kwamba Ijumaa saa kumi mguu utajifunga, na kwamba ninachoweza kumpa kwa uhakika ni mguu wa tambarare.

"Gwakisa mdogo wangu," alisema, "nyumbani kwangu kitu cha tambarare ni meza tu. Na yenyewe nimeiwekea kibao chini ya mguu."

"Najua, dada."

"Lusajo anakuja Jumamosi na gari. Ameshanitafutia chumba Uyole, kwake, chini kule. Kizuri, kina vigae. Anasema, 'Mama, siku mguu ukigoma tu, tunaondoka.' Nikamwambia haujawahi kugoma. Sasa unataka nikamwambie nini?"

Kwa nyuma nilisikia mvua kwenye majani ya migomba yake.

"Sigombani na mwanangu," aliendelea. "Ananipenda. Lakini nikikaa kwenye vigae nitakufa kwa usafi, mdogo wangu. Tafuteni hicho kipande."

"Kinahitaji mlezi mpya, dada. Nitakipokea mimi. Njoo Ijumaa saa nne, lazima mtumiaji mmoja awepo kama shahidi."

Nilisema hivyo kwa urahisi kabisa, kama mtu anayejitolea kubeba kiti.

*

Kupokea kipande si kuweka dole gumba tu. Unakaa kwenye kikao, mbele ya shahidi wa karakana na shahidi anayekitumia, unaeleza kila mstari kwa maneno ya kawaida: huu unafanya nini na kwa nini upo. Mashine tunayoiita Msajili inarekodi. Mwisho unasema, "Nimekipokea. Kikimwangusha mtu, niulizwe mimi." Msajili mwenyewe anaweza kukisoma kipande chochote kwa kufumba na kufumbua, lakini haruhusiwi kuwa mlezi. Mtu akianguka, huwezi kwenda kumkalisha Msajili kitako umuulize macho yake yakiwa yanakuangalia.

Alhamisi yote nilikisoma. Mistari mia moja na ishirini, na katikati yake Mzee Ambakisye ameacha maneno yake kwa atakayefuata. Juu kabisa: *Kama umefika hapa bila kula, nenda kale kwanza.* Mstari wa arobaini: *Hii inapima maji chini ya kanyagio. Si jasho. Nilishaulizwa na mtu mwenye digrii.* Nilicheka peke yangu mpaka Subilaga akaja kuangalia kama niko salama. Kazi safi. Kila kitu kilikuwa na sababu, na kila sababu niliiona.

Isipokuwa mstari wa themanini na nane.

Ulikuwa unasema hivi: mtu akiwa anashuka, na chini kukiwa na maji, basi kila hatua ya tatu kaza goti, simama sekunde moja na nusu, ndipo uendelee. Na pembeni yake: *Usiguse, mpumbavu wewe.*

Basi. Hakueleza zaidi.

Kwa nini ya tatu? Kwa nini si ya pili, au kila hatua? Nilimuuliza Msajili. Alijibu kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa vifo: "Mstari wa themanini na nane hauna faida inayoonekana. Majaribio mia mbili jukwaani, zege likiwa limemwagiwa maji. Bila mstari huu mguu unashuka haraka zaidi kwa theluthi moja, na hauanguki. Pendekezo: uondolewe."

"Utoe basi," Subilaga alisema. "Ukiutoa, mistari yote inayobaki unaielewa. Unakipokea kwa moyo mweupe."

Tulijaribu. Tukaumwagia maji mguu wa mfano, ukashuka kama mbuzi wa mlimani. Mara kumi, mara ishirini. Hapakuwa na tatizo lolote.

Nikarudi kwenye kiti. Niliwaza: mzee alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, pengine alichoka siku hiyo. Pengine aliuweka kwa ajili ya mguu wa zamani ambao haupo tena. Vitu kama hivyo viko vingi kwenye kazi zetu, mtu anaacha kijiti mlangoni na wenye nyumba wameshahama. Halafu naangalia tena lile neno, *mpumbavu*. Ambakisye alitukana watu wote, lakini hakuwahi kutukana bure.

Ningeweza pia kuuacha nikaeleza uongo wa kitaalamu. "Huu unapunguza joto la injini ya goti." Nani angenipinga? Sauti yangu nzito, nywele zina mvi. Nilijisikia nikiufanyia mazoezi ule uongo kooni, na ulikaa vizuri mno. Ndicho kilichonitisha.

*

Ijumaa saa nne kasoro, Mama Lusajo aliingia na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, mwavuli mkononi, mguu mmoja umejaa udongo na mwingine unang'aa.

"Mugonile," alitusalimu kwa Kinyakyusa, akatua mkungu mezani kwangu, juu ya karatasi zote. "Nimeshuka kwa miguu. Nimesema kama ni mara ya mwisho, niitumie vizuri."

Tulikaa. Subilaga shahidi wa karakana, Mama Lusajo shahidi anayetumia, mimi katikati kama mtu anayeposa. Msajili akasema anarekodi.

Nilianza. Mstari wa kwanza, wa pili. Nilieleza kanyagio, nikaeleza maji, nikaeleza namna goti linavyojua mtu anapanda au anashuka. Mama Lusajo alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilipofika kwenye lile la jasho na mwenye digrii akacheka kwa nguvu, akasema, "Huyo ndiye yeye!" Mstari wa themanini. Themanini na tano. Nilikuwa nasikia saa ya ukutani.

"Mstari wa themanini na nane," nilisema.

"Huu... mtu akishuka kwenye maji, kila hatua ya tatu goti linakaza, linasubiri sekunde moja na nusu. Sababu yake..."

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Injini ya goti. Joto. Maneno sita tu, kisha kijani, kisha mama wa watu anarudi kwake, hakuna aliyeumia. Nani angeumia? Niligeuka nikamwona ameweka mikono mapajani, ananisubiri, ameniamini moja kwa moja. Subilaga naye ananiangalia. Na yeye alikuwa ananiamini kwa namna yake: alikuwa anaomba nidanganye.

"Sababu yake siijui," nilisema. "Nimekaa nao siku nzima. Msajili anasema hauna faida, tuutoe. Mimi sijui kama hauna au unayo. Siwezi kuupokea, na siwezi kuutupa. Nisamehe, dada. Nilikuahidi haraka."

Subilaga aliinamisha kichwa. Msajili akauliza kama kikao kimefungwa.

"Ngoja kwanza wewe," Mama Lusajo alimwambia ukuta, maana hakujua Msajili anakaa wapi. Akanigeukia. "Hatua ya tatu unasema? Wakati wa mvua?"

"Ndiyo."

"Wakati wa kushuka?"

"Ndiyo, dada."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, ndizi zikatikisika.

"Gwakisa! Wewe si mtoto wa kule Masoko wewe? Umevaa viatu vya ofisini mpaka umesahau tope?" Akanyanyua mguu wake wa kushoto, wa nyama na mfupa, akatuonyesha unyayo wa buti. Lilikuwa limejaa udongo mwekundu unene wa mkate. "Ule udongo wa kwangu, ukishuka nao mvua ikinyesha, hatua ya kwanza unashika. Ya pili unaongezeka. Ya tatu mguu una uzito wa jiwe, hauendi. Unafanyaje? Unasimama kwa mguu mwingine, unaukung'uta." Akaukung'uta palepale, bonge likaangukia sakafu ya Subilaga. "Huu wa kwenu chini ni mpira laini, haushiki tope. Lakini wangu unashika. Sasa nikiwa nimeunyanyua wangu, nimebaki na wa kwenu peke yake. Usiposimama ukanisubiri, ukijiendea zako na safari..."

Alipiga kofi moja, pa!

"Mzee Ambakisye alijua?" Subilaga aliuliza.

"Alijuaje? Aliniona nikianguka. Mara ya kwanza mguu haukusubiri. Nikaenda mpaka kwenye migomba. Yeye alikuwa nyuma na saa yake, akakimbia kuniokota, akaanguka kuliko mimi. Akapita mbele yangu kwa matako! Kesho yake akarudi. Siku tisa amenifuata kwenye tope, anahesabu, ananitukana, ananiambia, 'Kung'uta kama kawaida yako, usikung'ute kwa ajili yangu.' Sekunde moja na nusu. Ndiyo muda wangu huo. Na wa majirani wote ninaowajua."

Niliangalia jukwaa letu la zege, safi, limemwagiwa maji safi ya bomba. Majaribio mia mbili, na hakuna hata chembe ya udongo.

"Msajili," nilisema. "Utaratibu unasema mlezi lazima awe fundi?"

"Hapana. Utaratibu unasema mlezi aeleze kila mstari kwa maneno ya kawaida, na sababu yake. Akiwa mtumiaji mwenyewe, fundi anatosha kuwa shahidi wa pili."

"Dada yangu," nilimgeukia, "mistari mia na kumi na tisa nimekueleza au nitakueleza mpaka uichoke. Mmoja umenieleza wewe. Nani mwenye kipande hiki?"

Alinitazama kwanza kama namtania. Mimi natania sana, ndiyo shida yangu. Alipoona siko kwenye utani akaweka mwavuli chini.

Ilituchukua mpaka saa nane. Hakutaka kuitikia tu; mstari asiouelewa alinirudisha nyuma, na mara mbili alinikamata nimeeleza vibaya. Msajili alitaka kujua atakumbukaje yote hayo. Akamjibu, "Mimi najua majina ya migomba yangu mia mbili, wewe unanitisha na mia na ishirini?" Mwisho akasimama, akaweka dole gumba kwenye kibao.

"Nimekipokea. Kikimwangusha mtu, niulizwe mimi. Ila asubuhi, jioni huwa nasikiliza redio."

Msajili alirekodi mpaka hilo la redio.

Kwenye orodha ya ukutani likatokea jina jipya: *Tusekile, yuko zamu.* Subilaga alilisoma mara mbili. Kipande kikatoka kwenye sanduku la yatima kikarudi kwenye rafu, chumba namba nne kikafunga mlango wake. Dakika sita. Kijani. Saa kumi ilikuta mguu umeshapakiwa na mwenyewe anakula ndizi moja katika alizotuletea.

Kabla hajaondoka aliomba kitu kimoja. Pembeni ya mstari wa themanini na nane tuliandika sababu, kwa maneno yake, pamoja na kukung'uta. Nilitaka kufuta *mpumbavu wewe*. Alikataa.

"Uache. Atakayekuja aheshimu."

*

Jumamosi Lusajo alifika na gari, na mama yake akampa mkungu mmoja wa ndizi wa kurudi nao Uyole. Nasikia alikaa mpaka Jumapili, akamtengenezea paa la banda la mbuzi, akaondoka akiwa amenuna kidogo na ameshiba sana.

Jumatatu Subilaga alichelewa kazini, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mlezi mpya alikuwa amemwagiza aende Isongole alfajiri, na saa mkononi, akatembee nyuma yake kwenye mvua. Alisema kipande hakiwezi tena kuwa kichwani mwa mtu mmoja, hata kama huyo mtu ni yeye.

Saa tatu mlango ukafunguliwa. Binti alikuwa na tope kuanzia kisogoni mpaka visigino, jani la mgomba limenasa kwenye nywele, saa ya mkononi haionekani kwa udongo.

Nilimmiminia chai. Ilikuwa ya moto.

"Umeanguka mara ngapi?"

"Mbili," alisema, akaketi kwenye kiti chake chenye magurudumu, kikaanza kuchuruzika. "Ya kwanza kwa kutojua. Ya pili nilikuwa nahesabu, nikasahau kukung'uta wa kwangu."

Akavuta kioo karibu, akafungua kipande, na chini ya jina la Tusekile akaandika la kwake.